Punje za Mahindi Kwenye Kitambaa cha Njano

Kila Agosti nilimshonea mume wangu Harlan, mwamuzi wa futiboli ya Kimarekani, kitambaa cha njano ambacho mwamuzi hukirusha uwanjani akiona kosa. Kwenye pembe nilitia punje za mahindi, ili akikirusha kiende chini moja kwa moja, kisichukuliwe na upepo wetu wa Nebraska. Miaka thelathini na mmoja nimeshona.

Ijumaa, kwenye fainali, alikirusha dhidi ya timu ya mji wetu, zimebaki sekunde tisa. Mkimbiaji wetu alikuwa ameshavuka mstari wa bao na mpira, tumeshakuwa mabingwa. Harlan akasema mchezaji wetu mwingine, Cody, mtoto wa Wendell Kroeger, alimvuta mpinzani jezi. Bao likafutwa.

Jumamosi asubuhi alikataa kujificha. Tukaenda kunywa kahawa kwenye mgahawa wa Doreen kama kawaida.

"Karibu, mwamuzi!" Gus wa gereji alipaza sauti. "Miwani umemwachia nani?"

"Niliona mkono umeshika jezi, Gus."

"Watu mia sita hatukuona, ukaona wewe peke yako!"

"Ndiyo maana mimi nilipewa filimbi, wewe ukapewa spana."

Walicheka kidogo tu. Mimi nilitazama meza. Tangu mavuno jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Gari nikaendesha mimi, sahani nikamwekea kulia anakoona, na sikumwambia mtu. Niliona namsitiri. Ijumaa uwanjani, Cody alikuwa upande wake wa kushoto.

Wendell akainuka. Nilidhani anakuja kupigana, kumbe alinivutia kiti nikae vizuri, kisha akaketi nasi.

"Mzee Harlan, mwanangu hajalala. Anaapa hakumshika mtu. Kabla sijamwita mwongo, niambie: ulimwona?"

"Nilimwona."

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, ambacho Doreen alikiweka kushoto. Mkono ukapapasa hewa. Ukapapasa tena. Wendell akakisukuma kikombe polepole mpaka kikagusa vidole vya Harlan.

Harlan hakunywa.

"Mwambie Cody hakukosa," alisema. Kisha akanigeukia. "Verlene, ulijua jicho limefikia hapa?"

"Nilijua."

"Basi matokeo yatabadilishwa?" Gus aliuliza, kwa upole sasa.

"Hayabadilishwi," Harlan alijibu.

Nyumbani alinipa kitambaa, akaniambia nikifumue, hatakirusha tena. Nikakata uzi, punje zikadondoka kwenye aproni yangu. Mchana nilimwekea sahani kulia. Aliivuta kushoto, akaanza kuipapasa kwa uma.