Aliyelifunga Lango la Vlakherna

Vardas Kontomytis aliletwa nyumbani kwa Anthousa kwa mlango wa uani, kichwa kimefunikwa shuka kama mwanamke aliyefiwa, majirani wasije wakamtambua. Mkewe, Bibi Theofano, alikuwa amemshika kiwiko.

"Kizingiti hicho. Inua mguu. Na huo mwingine."

Lile jitu likainua miguu kama jogoo anayevuka tope.

Anthousa alikuwa akichemsha sindano zake. Hakuhitaji kuambiwa mgeni ni nani. Uso ule aliuona kila mwaka katika sikukuu ya Jumanne ya Wokovu, wakati Mji mzima wa Konstantinopoli ulipojazana ukutani kumtazama Vardas akilifunga lango dogo la Vlakherna mbele ya Kaisari, kama alivyolifunga, walivyosema, asubuhi ile Waturuki walipokuwa wamekwishaingia ndani. Kengele zililia, akina mama wakainua watoto wao wamwone.

"Wewe ndiye mwanamke wa macho?" Vardas aliuuliza ukuta.

"Niko huku, bwana."

Akageuka. "Wanasema una mkono mwepesi."

"Watu hawaishi kusema. Kaa hapa kwenye mwanga."

Akamfungua kope kwa kidole gumba. Mboni zote mbili zilikuwa zimegeuka rangi ya mtindi. Mtoto wa jicho, tena amekomaa vizuri.

"Unatibika," alimwambia. "Tuanze na jicho la kulia."

Bibi Theofano alifanya ishara ya msalaba, machozi yakamlengalenga. "Mungu akuzidishie, binti. Sikukuu imefika, na mume wangu hawezi kupapasa komeo mbele ya Kaisari kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kama si yeye, leo sote tungekuwa watumwa wa Sultani huko Edirne. Ndugu yangu Romanos alifia palepale langoni, kwa sababu ya yule mbwa Stylianos aliyeliacha wazi. Kila nikilitaja jina lake natema mate."

Akatema, sakafuni. Wakakubaliana warudi keshokutwa asubuhi.

Walipoondoka, Anthousa alichukua kitambaa akapiga magoti kufuta yale mate. Stylianos alikuwa baba yake. Na alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, akisikia kila neno.

Jumanne ile Stylianos alikuwa mlinzi wa lango dogo, na Vardas alikuwa kapteni wake. Mizinga ilipokuwa ikiuvunja ukuta mkubwa, Vardas aliona Mji umekwisha. Alikuwa na mtumbwi uliomngoja katika ghuba ya Pembe ya Dhahabu. Akamwamuru Stylianos afungue lango, akatoka na kasha lake begani. "Usifunge," alisema, "narudi sasa hivi." Na kweli alirudi sasa hivi, kasha hana, Waturuki wako mgongoni kwake, akampita Stylianos mbio bila kugeuza shingo. Kina Romanos walioteremka kuziba njia waliuawa wote. Stylianos ndiye aliyebana mgongo kwenye ubao na kusukuma mpaka komeo likaingia.

Mji ukapona. Sultani akarudi kwake na jeshi lililovunjika moyo, mawaziri wake wakamgeuka, na siku hizi Waturuki huingia Mjini na mazulia yao wakiomba nafasi sokoni kama watu wengine. Lakini wiki ile ya ushindi watu waliuliza: nani alifungua lango? Vardas alinyoosha kidole. Nani angemsikiliza mlinzi dhidi ya kapteni? Stylianos akatobolewa macho kwa chuma cha moto, akatupwa katika nyumba ya watawa kisiwani. Mkewe alipigwa mawe hadharani na hakuumaliza mwaka. Msichana wao alichukuliwa na masista wa hospitali, wakamfundisha kutibu. Alipopata nyumba yake mwenyewe, alimrudisha baba yake kimyakimya, na mtaa mzima ukamjua kama Mzee Lukas, mjomba asiyeona.

Mchana ule walikula dengu na vitunguu. Yaani Anthousa alikula. Mzee alikuwa akizungushazungusha mkate mkononi.

"Sauti yake imenenepa," alisema Stylianos.

"Na yeye mwenyewe amenenepa, baba."

"Sindano yako ina urefu gani?"

"Baba."

"Nauliza tu. Isukume mpaka itokee kisogoni, halafu umwambie samahani, niliteleza."

"Nikimpofusha kabisa, watu watasema Mungu amemjaribu mtakatifu wake. Watamletea mishumaa. Watamwimbia." Anthousa aliweka kijiko chini. "Mimi nataka aone kwanza."

Mzee akacheka, kicheko kibovu kilichoishia kwenye kikohozi. "Wewe ni mtoto wa mama yako. Mimi nilidhani mimi ndiye mbaya katika nyumba hii."

Asubuhi waliyokubaliana jua lilikuwa kali na safi. Anthousa alimkalisha Vardas kwenye kigoda, uso dirishani. Akamwambia Bibi Theofano asimame nyuma yake amshike kichwa kifuani, asiruhusu kitikisike.

"Utaumwa," alimwambia mgonjwa.

"Mimi nimekaa chini ya mizinga ya Sultani, mwanamke."

"Basi hii utaiona kama mbu."

Akaingiza sindano kando ya kiini, kwenye weupe wa jicho. Vardas alinguruma na kung'ang'ania magoti yake. Huko ndani ncha ya sindano ilikuwa juu ya lile ganda jeupe, na Anthousa alijua kwamba akiitelezesha kidogo tu, kila kitu kingeharibika na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuitelezesha. Alilisukuma ganda chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, likashuka, na mboni ikabaki nyeusi na safi. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Akachomoa sindano, akapiga makofi mara moja.

Pazia likasogea. Stylianos alitoka akipapasa kwa fimbo, akakaa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya mgonjwa, magoti yao karibu yagusane.

"Fungua jicho, bwana," alisema Anthousa.

Vardas alifungua. Kwanza alitabasamu, kwa sababu mwanga ulikuwa umeingia. Kisha mwanga ukajikusanya ukawa uso, na uso ule ulikuwa na mashimo mawili pale macho yanapokaa.

"Habari za asubuhi, kapteni," alisema Stylianos. "Umerudi? Sasa nifunge lango?"

Vardas aliruka, lakini mkewe alikuwa bado amemshika kichwa, na kwa mshtuko alizidi kukibana.

"Wewe ulikufa," Vardas alisema. "Waliniambia umekufa kisiwani."

"Nilikuwa na miadi."

"Mimi sikusema wakutoboe macho! Niliwaambia wakufukuze tu, wakupeleke mbali usiseme, basi! Macho ni wao, si mimi!"

Mikono ya Bibi Theofano ilishuka polepole kutoka kichwani mwa mumewe, akaitazama kama imeshika kitu kichafu.

"Asiseme nini, Vardas?" aliuliza.

"Twende nyumbani."

"Nakuuliza. Asiseme nini?"

Ndipo Stylianos akamweleza, kwa sauti ya kawaida kabisa: kasha, mtumbwi, usifunge narudi. Alimweleza Romanos alivyoteremka ngazi na upanga bila ngao, na alivyoanguka, na jina aliloita. Romanos alimwita dada yake, tena kwa lile jina la utotoni ambalo mtu wa nje asingeweza kulijua. Vardas alipiga kelele kwamba mzee ni mwongo, kwamba atawaleta askari, kwamba binti huyu atang'olewa kucha moja moja. Anthousa aliendelea kumfunga jicho kwa kitambaa, kwa upole, kama anavyofungwa mgonjwa yeyote.

Mlangoni Bibi Theofano alibaki nyuma.

"Afanye nini ili jicho lipone?"

"Alale chali, atulie. Mwezi huu wote asiiname kabisa. Akiinamisha kichwa mpaka chini, lile ganda litapanda juu tena, na atakuwa kama alivyokuwa."

"Mbele ya Kaisari mtu hupiga magoti akagusa ardhi kwa paji la uso."

"Najua."

"Umeshamwambia?"

"Bado."

Bibi Theofano aliinama akapafuta kwa ncha ya ushungi wake pale sakafuni alipokuwa ametema mate siku ile, ingawa hapakuwa na kitu tena. "Usimwambie," alisema.

Siku zilizofuata Anthousa alingoja askari. Hawakuja. Baadaye alikuja kujua kwamba Vardas aliamuru waitwe, na mkewe akawaambia watumishi kwamba bwana anaweweseka kwa maumivu ya jicho, wasimsikilize. Kisha Vardas mwenyewe akatulia. Kumkamata mzee maana yake ni kumpa mahali pa kusemea. Na jicho lilikuwa linaona! Alihesabu vigae vya paa la jirani. Alijitazama kwenye kioo akajikuta bado ni mwanamume wa kutazamwa. Akaona kwamba kipofu mmoja aliyejificha asingeweza kumfanya kitu.

Jumanne ya Wokovu watu walijaa Vlakherna hadi juu ya minara. Anthousa alimleta baba yake mapema, wakapata nafasi karibu na kamba. Kaisari alikuwa amekaa chini ya chandarua chekundu, makasisi wakifukiza uvumba. Vardas alitokea katika joho la heshima, akatembea peke yake, hakuna wa kumshika mkono, akaliendea lango, akalisukuma, akatia komeo kwa mara moja. Umati ukalipuka.

"Amelitia?" aliuliza Stylianos.

"Amelitia."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, baba. Sasa anageuka. Anapiga magoti."

Vardas aliinama mbele ya Kaisari, akaweka paji la uso kwenye mawe, akakaa hivyo kwa unyenyekevu mkubwa, maana alipenda sana sehemu ile. Alipoinuka alipepesa jicho. Akapepesa tena. Akanyoosha mkono mbele, ukashika hewa. Alipiga hatua, akageuka, akampa Kaisari mgongo, na minong'ono ikaanza kama nyuki.

"Theofano," aliita kwa sauti ndogo. Halafu kwa kubwa: "Theofano! Sioni! Uko wapi?"

Bibi Theofano alitoka katika safu ya wake wa wakubwa. Alivaa nguo za msiba. Akasimama karibu naye, lakini hakumpa mkono.

"Enyi Warumi, watu wa Mji," alisema, na sauti yake ilifika mnarani, "mume wangu halioni lango. Hata siku ile hakuliona. Alikuwa anakimbia."

"Nyamaza, mwanamke!"

"Alilifungua ili atoroke na kasha lake. Ndugu yangu akafa kwa ajili hiyo. Aliyelifunga ni Stylianos, nanyi mkamtoboa macho. Yule pale kwenye kamba. Muulizeni."

Watu walimgeukia mzee. Stylianos aliinua uso wake ili wote wayaone yale mashimo. Aliyesema ni Vardas. Alikuwa akizunguka palepale, mikono mbele, hajui Kaisari yuko upande gani na umati upande gani, na woga ulimtoa maneno ambayo utesaji usingeyatoa.

"Kila mtu alikuwa anakimbia!" alipayuka. "Mnanitazama mimi tu? Nani siku ile hakutafuta mtumbwi? Kila mtu alikuwa anakimbia!"

Palikuwa na wazee wa vita pale, watu wenye mkono mmoja, wanawake waliobeba mawe ukutani mpaka mimba zikatoka. Mmoja wa wanawake hao aliokota ganda la tikiti akamrushia. Likampata shavuni. Baada ya hapo askari walilazimika kumzingira kwa ngao, si kwa kumpenda, bali kwa sababu Kaisari alikuwa hajatoa hukumu.

Hukumu ilikuwa fupi. Joho lilivuliwa palepale. Cheo na nyumba vikaenda. Stylianos alipoulizwa kama anataka macho ya Vardas yatobolewe, alisema hapana, aachwe nayo hivyohivyo.

Njiani kurudi watu walimshika mzee mabega, walimbusu mikono, wale wale waliokuwa wamemlaani. Alijifuta kila mara. Nyumbani alikula bakuli mbili za dengu, akamwambia Anthousa amweleze upya tangu mwanzo, hasa pale Vardas alipoita mkewe.

Wiki chache zikapita. Asubuhi moja kulibishwa hodi kwa mlango wa mbele. Bibi Theofano alikuwa amemshika Vardas kiwiko. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka upande wa pili wa Mji, tena kwa njia ndefu ya soko la samaki, na begani kwa Vardas palikuwa na magamba ya samaki aliyorushiwa huko.

"Anauliza kama jicho linatibika tena," alisema Bibi Theofano.

Anthousa alimtazama. Lilikuwa linatibika. Yote mawili yalikuwa yanatibika, na vidole vyake vilijua hivyo kabla yake, vilikuwa vimekwishaanza kutafuta kope. Akavirudisha.

"Linatibika," alisema. "Lakini mwenye nyumba ni baba. Ngoja nimuulize."

Akaingia. Stylianos alikuwa amekaa kitini anamenya kitunguu, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Mwambie nafikiria."

Vardas alisubiri uani, kwenye jua, kofia mkononi. Alipopelekewa jibu aliinamisha kichwa, akashukuru. Bibi Theofano akamgeuza, wakaondoka. Wiki iliyofuata walirudi, na iliyofuata. Majirani walizoea, watoto walikimbia mbele wakitangaza anakuja, kapteni anakuja. Mara nyingine Anthousa, akimwona amesimama pale na yale macho ya mtindi, alitamani baba yake aseme ndiyo, ili tu kazi yake nzuri isibaki imeharibika. Hakumwambia. Aliingia, akauliza, akasimama akingoja.

"Bado," mzee alisema, akitafuna. "Mwambie bado nafikiria."