Pamba Iliyofukizwa

Uchovu wa Sadiyo haukuwa wa jana wala wa juzi. Miaka ishirini na sita alikuwa akiuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, na miaka yote hiyo aliamka kabla ya adhana, akawasha vijiti vya mgunga, akafukiza madumu yake moja moja, kisha akaenda kungoja gari la maziwa litokalo malishoni. Anayenunua maziwa ya ngamia huku hununua na moshi wake. Chombo kisichofukizwa huyachachusha upesi, na hata yasipochacha, mnywaji atakunja uso na kuuliza kama ameuziwa maji. Kazi hiyo Sadiyo alifundishwa na mama yake kule Takaba, na wenzake sokoni walisema, kwa kijicho kidogo, kwamba maziwa yake mtu huyatambua hata akiwa amefumba macho.

Lakini uchovu uliomkalia mwaka huu ulitoka kwa mumewe.

Hared alikuwa dalali katika soko la mifugo, na sigara alianza kuvuta kabla hajaota ndevu. Alivuta akipatana bei ya mbuzi, alivuta akingoja chai, na akigombana na mtu alivuta mbili. Ukimwambia aache, anacheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Hared lilikuwa limeshakatiwa sanda. Kisha siku moja ya mwezi wa Shawali alianguka katikati ya mbuzi wa watu, akapelekwa hospitali kwa tuktuk, midomo imembadilika rangi. Daktari, mtu wa bara, aliwaonyesha picha ya kifua na kusema bila kuzunguka kwamba nusu ya mapafu imekwisha kazi. Akirudia sigara, mwaka hataumaliza.

“Daktari, mimi naacha bole bole,” Hared alisema.

“Hakuna pole pole, mzee. Ni leo.”

Sadiyo alikuwa amesimama karibu na mlango, akisikia yote. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu. Binti yao Ramla ameolewa Elwak, na Sadiyo hakuwahi kujifikiria akila chakula peke yake.

Basi Hared akaacha, kama watu wanavyoacha. Alitafuna tangawizi, akatafuna miswaki hadi fizi zikatoa damu, akanyonya pipi mpaka wajukuu wakamwonea wivu kwenye simu. Kila baada ya siku tatu nne alirudi na harufu ya sigara na uongo wa kuielezea. Hapo ndipo Najib, mpwa wake anayefanya kazi Nairobi, alipokuja kumjulia hali na kumletea vepu, ile sigara ya umeme. Daktari alipoulizwa alikunja uso. Alisema hata hicho hakipendi, ila kama ni kuchagua kati yake na sigara, basi kitumike, na kwa muda tu.

Kilikuwa na sehemu mbili. Chini ni betri, na juu yake kichwa cha chuma na kioo, unene wa kidole gumba. Najib alieleza kwamba vijana wa mjini wanapenda vile vinavyotoa wingu la kuficha gari, lakini hiki ni cha mtu mzima. Unavuta mdomoni kwanza, unatulia, ndipo unashusha kifuani, vilevile kama sigara. Na tena hakitupwi kikichoka, kwa sababu kila kilichomo hujengwa upya kwa mkono. Akakifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na sahani ndogo yenye nguzo mbili na skrubu mbili, na kati ya nguzo hizo waya uliosokotwa kama springi ya kalamu. Katikati ya waya hupita pamba, na ncha zake mbili hushuka pembeni kwenda kunywa yale maji yenye ladha yaliyomo kwenye kioo. Chini ya waya kuna tundu la hewa. Ukitaka hewa nyingi au kidogo unabadilisha kipini chenye tundu hilo, na vilikuja vitatu kwa ukubwa tofauti. Nje kuna pete ya kuzungusha, nayo hufunga na kufungua. Juu kuna kifuniko cha kujazia, na kila kiungo kina ringi yake ya mpira ili kisivuje.

Hared alikipenda siku hiyohiyo. Mikono yake ilikuwa imekosa kazi tangu hospitali, na sasa imepata. Kila siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, alitandika gazeti, akavaa miwani, akatoa bisibisi ndogo na kuanza kusokota waya na kukata pamba. Sadiyo alikuwa akipita na madumu yake na kumuuliza kama bibi harusi ameamkaje.

Hata hivyo wiki ya kwanza kilimshinda. Alikuwa ametia kipini chenye tundu kubwa kuliko yote, kwa sababu ya ulafi, na akivuta anapata upepo mtupu na kikohozi. Pamba aliishindilia, ikaungua. Mara akasahau kufunga hewa wakati wa kujaza, maji yote yakamwagikia kikoi. Alisema atakitupa mtoni Tana. Sadiyo, aliyekuwa akiosha madumu pembeni, akaona afadhali aseme.

“Unakipa upepo mwingi,” alisema. “Moto wa kufukiza haupewi upepo. Ukiupa unawaka, na ukiwaka unaunguza chombo. Na hiyo pamba ipunguze, haina nafasi ya kunywa.”

Hared alinung'unika kwamba tangu lini wauza maziwa wakawa mafundi. Lakini kesho yake alitia kipini chenye tundu dogo kama la sindano, akapunguza pamba, akazungusha pete hadi ikabaki nusu. Akavuta. Mashavu yake yalibonyea vilevile yalivyokuwa yakibonyea kwenye sigara, akatulia, akashusha, akatoa moshi mwembamba puani. Kisha akamwangalia mkewe na kutabasamu. Sadiyo alitembea na tabasamu hilo hadi sokoni, na siku hiyo hata wateja wenye maneno hawakumchosha.

Tangu hapo kila asubuhi Hared alikula tende moja na kutia kokwa yake ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, kuhesabu siku. Kokwa zikawa kumi, zikawa thelathini. Kikohozi kikapungua. Sadiyo angefurahi kabisa, lau si jambo la mkeka.

Maana katika wiki hiyohiyo Hared alihamishia mkeka wake barazani. Alisema ni joto, kana kwamba joto la Garissa limefika mwaka huu. Sadiyo akirudi sokoni na kuketi karibu naye, Hared anakumbuka ana mtu wa kumwona. Akimpelekea chai, anaomba iwekwe pale. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili huyajua mambo haya kabla hajaambiwa, na mara nyingi huyajua vibaya. Sadiyo aliamini mumewe amemchoka. Ilimuuma sana, akanyamaza, maana mtu hawezi kumwomba mgonjwa aache kupona ili ampende.

Kokwa zilipofika tisini, Hared alianza kulegea. Sadiyo alimsikia barazani akimweleza rafiki yake Abdow kwamba yale maji ya embe na stroberi yamemkinaisha, ni ladha ya pipi za watoto, na kifaa chenyewe kizuri lakini ndani hakina kitu. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kushika mlango. Sadiyo alisimama na sufuria mkononi. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyokuwa ikitangulia uongo.

Usiku kucha aliliwaza jambo hilo, na kulipokucha akaliona jepesi. Hakina kitu ndani kwa kuwa hakijafukizwa. Nani hunywea chombo kibichi? Yeye ndiye aliyejua habari ya upepo, na akawa sawa. Basi na hili atakuwa sawa.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Hared alipokwenda msikitini, alikiacha kifaa nyumbani kama kawaida. Sadiyo alitandika gazeti. Alikuwa amemtazama mumewe mara nyingi hata mikono yake ikajua njia. Alikitoa kichwa kwenye betri, akafungua kifuniko, akamwaga maji, akatoa kioo, akazivua ringi za mpira na kuziweka kando zisiharibiwe na joto. Vyuma na kioo akavisuuza kwa maji moto. Kisha akachukua kibuyu kidogo cha mama yake, akatia makaa mawili ya mgunga yasiyo na mwali, akaning'iniza ndani pamba mpya na vile vyuma kwa uzi, akafunika. Alingoja kama mtu anayengoja maziwa ya mtoto mchanga. Alipofunua, pamba ilikuwa na rangi ya chai hafifu na harufu iliyomrudisha Takaba. Akaipitisha kwenye waya, akapunguza ncha zake, akajaza yale maji kidogo tu, akafunga kila kitu. Kazi ilikuwa safi. Fundi yeyote angeisifu.

Hared alirudi, akaketi barazani, akavuta.

Alifumba macho. Akavuta tena, polepole, na mara ya tatu akauzuia moshi kifuani muda mrefu hata Sadiyo akaogopa. Alipofumbua, macho yalikuwa na machozi. Akamuuliza mkewe amefanya nini, naye akamweleza, kwa aibu kidogo na fahari nyingi. Hared akamshika mkono. Tangu Shawali hakuwa amemshika mkono. Aliushika, akauinua karibu na uso wake, halafu akauachia ghafla kana kwamba umemchoma, akainuka na kutoka. Sadiyo alibaki pale akiwa na furaha ya kijinga.

Adhana ya alasiri ikaita na Hared hajarudi. Kifaa chake kilikuwa palepale mkekani. Sadiyo alipokiona, furaha ikamwisha. Kwa siku tisini na moja Hared hakuwahi kutoka bila hicho, isipokuwa kwenda kuswali.

Alimkuta nyuma ya kibanda cha chai kwenye soko la mifugo, amechuchumaa, vichungi vinne vya sigara miguuni na ya tano mdomoni. Alikuwa akikohoa kile kikohozi cha zamani, kinachoanzia kiunoni. Sadiyo hakuwa na nguvu ya kugomba. Alikaa chini mavumbini kando yake.

“Aabo Ramla,” alisema, kwa jina alilomwita tangu walipopata mtoto, “nimekukosea nini?”

Hared alikohoa mpaka akamaliza.

“Hujanikosea. Unajua kwa nini nalala nje? Ukirudi sokoni una moshi. Uko kwenye mtandio, uko viganjani, uko kwenye nywele. Watu wengine hawausikii. Mimi nausikia tangu ukiwa mlangoni, na kifua chote kinaomba sigara. Sikukwambia kwa sababu ndiyo kazi ya mama yako, na ndiyo inayotulisha. Nikasema nitakaa mbali nawe mpaka nizoee.” Akaitazama sigara. “Leo umeutia mdomoni mwangu.”

Sadiyo hakujua mtu anaweza kufurahi na kuogopa kwa pumzi moja. Mume hakuwa amemchoka. Miezi mitatu amekuwa akimkimbia kama mfungaji anavyokimbia jiko la futari, na yeye, kwa mapenzi yake na ujuzi wake, amemlisha mchana. Alitaka kulia, lakini alikuwa amechoka mno. Alinyoosha kiganja. Hared aliitazama pakiti, akaitazama tena, akaiweka juu ya kiganja hicho.

Walirudi kwa tuktuk. Kufika nyumbani, Hared alichukua lile kopo na kuzimwaga kokwa zote chini ya mwarobaini. Sadiyo alitaka kumzuia, amwambie siku tisini na moja ni siku tisini na moja. Akamwacha, kwa sababu zilikuwa za kwake.

Asubuhi yake Sadiyo hakuwasha moto nyumbani. Aliyafunga madumu kwa kamba, akayabeba mgongoni pamoja na kibuyu cha mama yake na fungu la mgunga, akayapeleka kwa Osob, mwenzake wa sokoni, mitaa miwili kutoka kwake. Huko alifukiza. Alipomaliza kuuza alirudi hukohuko, akavua nguo zote za kazi na kumwachia, akaoga, akaosha nywele mara tatu. Osob alimtazama akisugua viganja kwa jiwe.

“Abaayo, dada yangu, utaweza kuja na mizigo hii kila siku? Na magoti hayo?”

“Kila siku,” Sadiyo alisema.

Alifika nyumbani jua likiwa kali, nywele bado zinachuruzika chini ya mtandio safi. Ndani ya kopo mlikuwa na kokwa moja. Hared alikuwa ameketi mbele ya gazeti lake, ametia pamba nyeupe na kipini kilekile cha tundu dogo, lakini skrubu ya pili ilikuwa ikimponyoka. Sadiyo alimkazia. Hared alijaza, akavuta, akasema ni pipi za watoto, akavuta tena.

Kisha akainuka, akaukunja mkeka wa barazani na kuuingiza ndani, akautandika kando ya wake kwa ajili ya usingizi wa mchana. Sadiyo alijilaza akiwa amempa mgongo, hathubutu kugeuka. Alimsikia akisogea, akaweka pua kwenye nywele zake, akavuta hewa kwa hadhari.

“Sabuni,” Hared alisema.

Muda si muda akalala. Sadiyo naye alijinusa kiganja. Hakukuwa na Takaba wala mama, ilikuwa sabuni tu, harufu ya mtu yeyote. Magoti yalimuuma na usingizi haukuja, akalala macho akikisikiliza kifua cha mumewe nyuma yake.