Mazoezi ya Saa Nne

Bega langu la kulia liligoma. Kutwa naingiza majina ya wateja wa maji kwenye kompyuta, shingo nimeitoa kama kobe, na jioni mkono haupandi kupita sikio. Kazi ningeivumilia. Kilichoniuma ni kichwa cha binti yangu: nilishindwa kumsuka, akahamia kusukwa kwa jirani. Kila Jumapili anarudi na mistari iliyonyooka, anamsifu mama wa watu, nami wivu unanila.

Fundi wa kompyuta, tunayemwita Kocha, ndiye aliyetuanzishia mazoezi pale ofisini. Ikifika saa nne tunasimama, tunageukia dirisha, tunanyoosha mikono juu, naye nyuma yetu anahesabu kwa sauti.

"Dada, huo mkono mbona umebaki njiani?" ananiuliza.

"Umechoka kukusikiliza."

Niliona tunatwanga maji kwenye kinu. Wiki zikapita, nikanyoosha kwa kununa, mradi nisisemwe.

Juzi benki ya ng'ambo ya barabara ilipata mlinzi mpya. Maskini, hakuna aliyempa habari zetu. Alitazama juu akaona watu wazima wamejipanga dirishani, mikono juu, nyuso zimekunjamana, na nyuma yao mwanamume anafoka. Akajua tumevamiwa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mikono juu, wewe!" mlinzi alimkemea Kocha, rungu hewani.

Kocha akainua. Sisi, kwa kile kishindo, tulikuwa tumeshashusha. Tukainua upya, na mimi nikainua kuliko wote. Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka, maana Kocha alikuwa bado anahesabu, ila kwa sauti ya kutaka kulia. Mlinzi alipoelezwa, alicheka mpaka akaomba kiti. Hapo ndipo nilipogundua kuwa mkono wangu bado uko juu, umenyooka, na hauumi.

"Woga umekuonyesha tu, dada," Kocha alisema. "Bega limefunguliwa na mazoezi."

Nilitaka kubisha, nikaushusha mkono, nikauinua tena. Nilifurahi mno.

Jumapili nilimketisha binti yangu katikati ya magoti, chanuo mkononi, nikasuka mpaka unywele wa mwisho. Mistari ilipinda, sikatai. Alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku.

"Mama, ya jirani inanyooka zaidi."

"Basi nenda kwake."

Akarudi kukaa palepale, akaniegemea.

"Siendi. Fumua, uanze tena."