Chakula cha Mdomo Mmoja

...na kitunguu hiki nusu tu, nusu nyingine akaifunika chini ya kikombe, maana kesho nayo itataka kula, mtu mmoja hana haja ya kitunguu kizima labda awe na ugomvi na tumbo lake, na mafuta yalikuwa yameshaanza kutetemeka kwenye kikaango, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, sauti imefunguliwa yote, na binti yake humo ndani ya simu alikuwa ametoka kusema, "Baba, subiri kidogo, usikate, nina mteja hapa, nikirudi uniambie neno moja tu, mwenye gari anataka kujua, kesho aje akuchukue na vitu vyako au asije?" halafu akaondoka, akawa anasikika kwa mbali, duka la viatu lina mwangwi kama kisima, sauti ya mwanamke ikisema, "Hiki kinanibana, dada, hapa kidoleni," na binti akijibu, "Hiyo ngozi, mama, itaachia yenyewe ukishakivaa," itaachia, ndivyo alivyo, kila kitu kwa huyo mtoto kitaachia ukikivumilia, na baba yake naye ataachia, avumiliwe tu... akavitupa vitunguu ndani, chwaaa, akarudi nyuma nusu hatua, si kwa woga, ni mazoea, sufuria za shule alikokuwa mpishi zilikuwa zikirusha mafuta mpaka darini, na hapa kikaango chenyewe si kikubwa kuliko kofia.

Neno moja tu. Ndiyo au hapana, wala si neno gumu, mtoto wa darasa la kwanza analiweza, na yeye ni mtu aliyemrudishia mtunza stoo gunia la maharage yenye wadudu mbele ya watu wazima, akamwambia kula wewe kwanza nikuone, ni mtu ambaye hakuwahi kuzunguka mbuyu kwa jambo lolote, aliyefokeana na nusu ya walimu na kesho yake akawapakulia uji wa moto kama kawaida, mambo yake hadharani, ukimkera unajua na ukimfurahisha unajua... basi ni mdudu gani aliyemwingia kinywani kila binti yake anapopiga simu, mara "tutaona, mwanangu," mara "mgongo ukitulia," mara "acha mvua zipungue," mvua! Mvua zimepungua, zimekwisha, watu wameshaanza kulalamikia vumbi, na yeye bado anamwambia mwanawe wa kumzaa acha mvua zipungue, mwongo mkubwa wewe, akajitukana kwa sauti ya chini na kugeuza vitunguu kwa ncha ya kisu, kwa sababu mwiko alikuwa amesahau kuuosha na hakuwa na nia ya kuuosha sasa.

Wali wa jana ulikuwa umegandamana bakulini kama tofali, akalowesha vidole akaumega taratibu, punje zikaachana, kiporo kinataka upole, ukikichapa kinakuwa uji, na upole yeye aliujifunzia hapa, uzeeni, kule shuleni hakukuwa na punje bali kulikuwa na magunia, alikuwa akisimama juu ya kigoda na mwiko mrefu kama jembe akiukoroga wali wa midomo mia nne, jasho linamtiririka, na hakuna aliyemfundisha, aliingia kupasua kuni, mpishi mkuu akaugua, wakamwambia wewe koroga, akakoroga miaka na miaka mpaka mkono wake ukawa ndio mizani, konzi ya chumvi, konzi nyingine, basi, hakukosea. Na ndio mkono huohuo uliomwaibisha, wiki ile wageni wa msiba wa mke wake walipokwisha kuondoka na nyumba ikabaki kimya, akasema leo nitajipikia maharage kidogo, mkono ukachota wenyewe, konzi, konzi, konzi, yakaloweshwa, yakavimba, yakajaa sufuria kubwa, akahamishia ya pili, akafukua uvunguni akatoa ya tatu, na fundi cherehani wa chumba cha pili akasimama mlangoni na tepu shingoni, akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, kuna shughuli? Mbona majirani hatukuambiwa?" naye kwa hasira, "Shughuli gani, nakula!" "Peke yako?" "Peke yangu!" fundi cherehani akashika ukuta kwa kicheko, uani kote wakaja na mabakuli, siku mbili wanakula maharage, na mmoja hakukosa la kusema, "Chumvi hii, mzee, ungeanika nayo samaki." Aliwatukana wote, halafu akacheka, ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi, akashangaa sauti yake mwenyewe.

"...ninacho cheusi, cheusi kina upana zaidi," binti yake akasema mle ndani ya simu, na karatasi za boksi zikachakarika, na yule mteja akasema cheusi hapana, cheusi cha msibani, na hapo binti hakujibu kitu kwa muda... naye akaacha kumega wali, akasikiliza ule muda, akaujua ulivyo, kwa sababu mtoto bado analia, huo ndio ukweli, analia dukani nyuma ya maboksi, anamlilia mama yake, na usiku anaota baba yake ameanguka bafuni na hakuna wa kumwokota, ameshamwambia ndoto hiyo, "Baba, mtu hapikii mdomo mmoja, utakonda, utakufa na mkate mkavu mkononi," chumba ameshakitoa vitu, kitanda kimeshatandikwa, mkwe mwenyewe ameridhia, kijana mwema, hana neno.

Nyumba nzuri, hata. Alikaa kule baada ya arobaini, sofa laini mpaka ukitaka kuinuka unahitaji shahidi, chakula kinaletwa kimefunikwa sahani juu ya sahani, mkwe anamnawisha mzee mikono kwa heshima zote, runinga inaongea mchana kutwa na hakuna anayeijibu, na asubuhi moja aliamka kabla yao akaenda jikoni achemshe chai, chai tu, binti akatoka mbio na kanga begani akampokonya sufuria, "Baba! Watu watasema nini, baba yangu anajipikia na mimi nipo?" akarudishwa sofani, akakaa kama gunia lililoletwa kwa anwani isiyo yake, na chai ilipofika ilikuwa tamu, sukari ya watu watatu, akainywa yote akashukuru, angefanya nini... na vitunguu hivi, ah, tazama, vimeanza kuwa rangi ya kahawia pembeni, na hapa ndipo mwingine angepunguza moto, yeye hapunguzi, anaviacha viungue kidogo, ncha ziwe chungu na katikati pabaki patamu, kwa sababu ndivyo anavyovipenda, na hili neno, ndivyo anavyovipenda, lilikuwa jipya kinywani mwake kama meno ya bandia.

Maana lini alijua anapenda nini? Shuleni hakuketi kula, alionja kwa ncha ya mwiko kwa niaba ya mia nne, chumvi isizidi, pilipili isiwepo, mradi asilalamike mtu, na watoto wakishakula alisimama akakwangua chini ya sufuria, ndiyo maana wakamwita Ukoko, Mzee Ukoko, mpaka barua moja ya ofisi iliandikwa hivyohivyo, na jioni nyumbani mke wake alimwekea sahani mbele akala kilichowekwa, vitunguu vya mke wake vilikuwa laini kama pamba, alivila miaka yote akasema vizuri, na vilikuwa vizuri, si uongo, hakujua tu kama kuna vingine. Akakatakata moyo wa kabeji, ule mgumu ambao watu wanautupa, mwembamba mwembamba, ukaingia, ukalia kachakacha, hili nalo alilivumbua mwenyewe siku ambayo hakukuwa na kitu kingine ndani, pensheni imechelewa, kabeji limebaki kisiki, akasema wewe leo utalika, na likalika, akasimama na kikaango mkononi akiwa amefumba macho kama mtu anayesikia habari njema... nyanya moja iliyolegea, akaiminya kwa ngumi moja kwa moja humohumo, kisu cha nini.

"Mzee Ukoko!" Fundi cherehani, dirishani kwake, hakuacha hata kukanyaga mashine. "Hiyo harufu ni ya chakula au nyumba inaungua? Nitoe vitambaa vya watu?"

"Shona nguo zako!"

"Nashona, lakini pua yangu haikuniomba ruhusa. Binti yako aliniambia kesho anatuma gari. Sasa ukiondoka nani atanigombeza mimi? Nitakuwa namna gani bila kutukanwa asubuhi?"

"Utapata mwingine."

"Kama wewe hawatengenezwi tena," akasema, na mashine ikachukua maneno yaliyofuata, tatatata, na yeye akabaki ameshika chombo cha chumvi, na jibu lililomjia moyoni lilikuwa, siondoki, lilikuja lenyewe, wazi, halina mgongo wala mvua, na kama linaweza kuja kwa fundi cherehani ambaye si ndugu yake, linashindwaje kumfikia mtoto wake? Akabana chumvi kwa vidole viwili, siyo konzi, vidole viwili, akairusha. Basi linashindwa kwa sababu hii, akajisemea: linashindwa kwa sababu hana shida. Angekuwa amekonda angesema, angekuwa anaogopa usiku angesema, wanadamu wanaambiana shida, hakuna aibu, lakini atamwambiaje mtoto anayelia nyuma ya maboksi kwamba baba yako anaamka na kuwaza mchana atajikaangia nini, kwamba anatoka sokoni na kabeji kwapani anapiga mluzi, mtoto si atasikia, mama yako amekufa na mimi ninapiga mluzi?... Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Si mgongo. Aliona haya kwa kuwa mzima.

"Kinyanyue kisigino, mama, tembea nacho, usikiogope," binti akasema kule mbali.

Na hapo wali ulipogusa vitunguu na mvuke ukampanda usoni, ile harufu, hiyohiyo, ya ncha zilizoungua, akajiuliza mbona naijua, si ya shuleni, si ya jana, mbona naijua, akakoroga, na ikamjia, mchana, bomba la shule lilipasuka wakarudishwa wote, akafika nyumbani saa ambazo hakuwahi kuwepo, mlango wazi, na mke wake ameketi pale kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha juani, kikaango kidogo mapajani, anakula kwa vidole humohumo kikaangoni, hana sahani, redio inaimba na yeye anaifuatisha huku mdomo umejaa, alipomwona akashtuka, akafunika kikaango kwa upande wa kanga kama mwizi, akacheka mpaka akapaliwa, "Umenifuma! Nilijikaangia kitu tu," na ndani ya kile kitu kulikuwa na vitunguu vilivyoungua ncha, aliviona kwa macho yake! Vitunguu vile vya pamba vilikuwa vya sahani yake yeye tu, kwa sababu mama aliyemzaa yeye ndiye aliyemwambia bibi harusi kwamba mwanangu tumbo lake bichi, haliwezi vya kuungua. Na yeye jinga kubwa alisimama pale na kumhurumia, mke wangu anakula peke yake kila mchana kama yatima, akamwambia kwa upole wa kijinga, uwe unakwenda kula kwa dada yako, upate watu, na mke wake akamtazama kutoka chini, jua limempiga jicho moja, akasema, "Nani kakwambia nina upweke? Kaa wewe na midomo yako mia nne, mimi niachie huu wangu mmoja."

Mwiko ulikuwa bado mchafu, akakoroga kwa kijiko. Mchana ule hakuelewa, alidhani mke wake anamficha machozi, wanawake hawasemi, ndivyo alivyojiambia, na kumbe alikuwa ameambiwa wazi, na mtu wa wazi, mchana kweupe, na yeye hakusikia. Kila mchana, miaka yote ile, mahali hapa, moto huu. Na kila jioni alimpokea kwa furaha vilevile, hakumpenda pungufu hata punje kwa sababu ya kile kikaango... alimfukuza jikoni akimwambia jiko lako liko kule, hili ni langu, na yeye akadhani ni utani. Akapasua yai pembeni ya kikaango, likaingia katikati, akalitazama likigeuka jeupe.

"Baba? Baba, upo? Nimerudi, huyo mama amenisumbua halafu hakununua. Haya, sema. Gari lije?"

"Lisije."

Akamsikia anavuta pumzi, akajua pumzi ile inakwenda kutoka na maneno mengi, na kwa mazoea ulimi wake ukaanza kuandaa mgongo, akaurudisha.

"Baba, ni kwa sababu ya mkwe? Amekukosea?"

"Mkwe hana kosa. Wewe huna kosa. Mimi sijambo, mwanangu. Nakuambia hivyo kwa maana yake: sijambo. Nilikuwa nakudanganya habari za mgongo. Jumapili uje wewe, peke yako, watoto umwachie baba yao, uje na njaa, kuna jambo la mama yako nataka kukuambia, na halisimuliki kwenye simu."

"Jambo gani? Baya?"

"Zuri."

Nyuma ya binti mtu akaingia dukani akauliza bei ya ndala na hakujibiwa. Yai lilikuwa limeshika pembeni na katikati bado linacheza. Hakuongeza neno la pili la kulainisha la kwanza, alipunguza moto tu, mlio wa kikaango ushuke, mtoto asikie pumzi yake na kujua hajakata simu, na akangoja.