Furaha Aliyebaki Namitonga

Alhamisi mchana, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Kilindoni, kisiwani Mafia, Furaha Milanzi alikuwa anamsuka Kidawa mtindo wa twende kilioni. Baraza ilijaa kama kawaida yake. Wawili walisubiri zamu, na mmoja hakusubiri chochote, alikuja kusikia habari tu. Katekista Polikarpo alifika akisukuma baiskeli, akaiegemeza ukutani, akasema Tumsifu Yesu Kristo, akajibiwa Milele amina, kisha akasema mtoto hatabatizwa.

"Kisa?" aliuliza Kidawa, ambaye ni Mwislamu wa Juani na hakuna aliyemuuliza.

Katekista alieleza kwa upole. Ili mtoto abatizwe Kilindoni, wazazi wote wawili wawe wanajumuiya wa Kilindoni. Baba wa mtoto, Gervas, fundi wa mashine za barafu, alishahamishwa zamani. Mwenyekiti wa jumuiya yao kule Namitonga, bara kusini, alimwandikia barua ya kuhama, kigango kikagonga muhuri, paroko akagonga wa kwake, na barua ikafika kabla Gervas hajapata hata godoro. Ya Furaha haijaja mpaka leo, na katoto Editha kameanza kukaa kenyewe.

"Gervas kule kanisani alikuwa na kazi gani?" Kidawa aliuliza.

"Kukaa," alisema Furaha.

"Na wewe?"

"Kufagia. Kufua kanzu za padri. Kupikia wageni. Kupikia misiba."

"Ndiyo hivyo, shoga. Mtu wa kukaa anapatikana popote."

Furaha alipangusa mafuta mikononi, akampigia Bwana Hilari, mwenyekiti wa jumuiya ya Namitonga. Simu akaiweka spika ili watu wasipate tabu ya kutega masikio.

"Shikamoo, baba mwenyekiti. Nimepiga kwa ajili ya barua yangu ya kuhama."

"Marahaba, Furaha. Sasa utahamaje na upo?"

"Nipo wapi?"

"Hapa. Jumapili ulikaa benchi lako lile la karibu na sakristia. Jana umepika msibani, watu wameyasifu maharage. Mimi nikiandika kwamba umehama nitakuwa nimesema uongo, na muhuri wa kanisa."

Bwana Hilari hakuwa mtu wa utani, hata harusini. Nyuma ya sauti yake mwanamke alisikika akiuliza chumvi imewekwa wapi, na sauti ilikuwa ya Furaha, pamoja na kile kikohozi chake cha kuanzia maneno.

"Ni mimi," Furaha aliwaambia wenzake.

Walitikisa vichwa. Yule asiyesubiri chochote alisema shangazi yake wa Bwejuu naye aliolewa Jibondo na huku kwao akabaki akiteka maji, maana mama yake hakuwa na mtu mwingine. Wakazungumza habari za huyo shangazi mpaka nywele za Kidawa zikaisha. Ndipo Furaha akaingia ndani kufunga kanga za safari.

Alipanda boti ya Nyamisati, Editha mgongoni, akatokea barabara kuu, akapata basi la kusini. Namitonga aliikuta kwenye pilikapilika za kipaimara. Askofu alikuwa njiani. Furaha hakupitia ofisini. Alizunguka nyuma ya kanisa, kwenye jiko la mafiga, akajikuta, yeye mwenyewe, amesimama mbele ya sufuria la wali, na mwiko mrefu kama kasia mkononi.

Yule wa jikoni alikuwa amevaa kitenge kile kile alichoondoka nacho Furaha. Nywele zake zilikuwa mabutu ya siku ile ya safari, hayajafumuliwa tangu hapo, yamejaa majivu. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani utakuja Pasaka. Huyo ndiye mtoto?"

"Ndiye. Nani alikwambia ubaki?"

"Hakuna aliyeniambia niende."

Furaha aliona jambo hilo ni kweli. Siku ile ya kuondoka, Gervas alisimamishwa mbele ya kanisa, akaombewa safari njema, akapigiwa makofi. Yeye wakati huo alikuwa jikoni anawakaangia samaki watu hao hao waliokuwa wakipiga makofi.

"Basi mimi nakwambia," alisema. "Ila sikubali uingie Mafia na kichwa hiki. Kaa chini."

"Wali wa askofu."

"Kaa."

Yule mwingine alikalia kinu kilicholazwa. Furaha alimshusha Editha, akampa yule mwingine ampakate, na Editha akatulia kwa mama yake. Kisha akatoa kitana na kuanza kufumua. Mwiko ukabaki ndani ya sufuria. Wanawake wawili waliokuwa wakimenya vitunguu walitazama, wakatazamana, wakaweka visu chini.

"Ukimaliza huyo, unifanyie na mimi," alisema mmoja.

"Mstari unaanzia hapo ulipokaa."

Bwana Hilari alikuja akiwa na suti na beji ya kamati ya mapokezi. Alisema Tumsifu Yesu Kristo, akaitikiwa na sauti mbili zinazofanana. Aliwaangalia wote wawili, kisha akaliangalia sufuria.

"Dada Furaha, gari la askofu limeshaonekana. Mmoja wenu akoroge."

"Tunasukana, baba."

"Hata mmoja?"

"Anayesuka anatumia mikono. Anayesukwa akitikisika, njia zinapinda. Koroga wewe, baba mwenyekiti, uko bure."

Wale wa vitunguu walicheka chinichini. Bwana Hilari alichukua mwiko, akaushika kama mtu aliyeshikishwa mshumaa kwenye maandamano, akausimamisha pale pale bila kukoroga. Wali ulianza kunukia, kisha ukaanza kunuka. Moshi uliingia kanisani kupitia dirisha la sakristia, na watu wa ndani, wakidhani ni ubani, walisimama. Njia za Furaha zilikwenda moja baada ya nyingine, zimenyooka, na hakuharakisha hata moja. Mchana ule askofu alikula ndizi mbivu na mkate, akasema amefurahi kuona waumini wanaoishi maisha ya kiasi.

Jioni Bwana Hilari aliwafuata stendi.

"Barua siwezi kutoa," alisema. "Na mnavyoondoka hivi, mjue hamjahama. Mmetoroka."

"Andika hivyo hivyo," alisema Furaha. "Tumetoroka. Na muhuri ugonge."

Bwana Hilari alisema muhuri si wa mambo kama hayo.

Nyamisati mkata tiketi aliwauliza kama ni mapacha. Waliposema hapana, ni mtu mmoja, alisema sawa, ila kila anayekalia kiti ana tiketi yake. Kilindoni baraza ilikuwa imeshajaa wakiwasubiri. Kidawa aliuliza nani mkubwa.

"Huyu amenitangulia kuchoka," alisema Furaha.

"Basi akae kwenye mto." Kidawa akampisha.

Gervas alirudi kutoka kazini, akawasalimu, akauliza kama nyumba itatosha. Aliambiwa itatosha. Akaenda kuazima mkeka.

Katekista Polikarpo alipoletewa habari alikuja mwenyewe na baiskeli yake, akahesabu watu kwa kidole, akasikitika. "Sasa hapa zinahitajika barua mbili."

"Hutaona hata moja," alisema Furaha. "Jumapili tutakuwa benchi la mbele, mimi na mimi na mtoto. Mwenye kutaka kututoa ajipange."

Jumapili walikaa benchi la mbele. Kidawa alikuja na wenzake wote wa barazani, wakajaza nyuma mpaka mlangoni, kwa sababu walishaahidiwa pilau na walijua haitapakuliwa mpaka mtoto amwagiwe maji. Wazazi waliotangulia walipita na watoto wao. Ilipofika zamu ya Editha, Polikarpo alimnong'oneza padri kwamba mama wa huyu, kwa taratibu, hajafika.

Padri aliwaangalia waliosimama mbele yake. "Na hawa?"

"Ndiye yeye, padri. Ila yupo Namitonga."

"Dada zangu, pisheni kwanza wenye barua."

"Tumezoea kupisha, padri," alisema Furaha. "Leo hatupishi."

Hawakusogea. Nyuma yao mstari haukuwa na njia ya kupita, maana kanisa ni dogo na lilikuwa limejaa. Watoto wakaanza kulia kwa kupokezana. Mwisho padri alivuta pumzi, akauliza mnaliomba nini Kanisa la Mungu kwa ajili ya mtoto huyu.

"Ubatizo," walisema wote wawili, wakakohoa pamoja.

Akammwagia maji Editha. Kwenye matangazo Polikarpo aliomba wageni wasimame, wakaribishwe, na macho yake yakakaa benchi la mbele kwa muda. Akina Furaha hawakusimama. Tangu siku hiyo ombi hilo hutolewa kila Jumapili, na kila Jumapili wao hukaa.

Wiki iliyofuata, baraza imejaa na akina Furaha wakisuka vichwa viwili kwa wakati mmoja, Bwana Hilari alipiga simu. Alisema amepiga kuwashukuru.

"Kwa lipi, baba?"

"Kwa kurudi. Nimekukuta asubuhi sakristia unafagia. Nilijua hasira zitakwisha. Kwa hiyo ile habari ya barua tuiache, maana upo."

Akina Furaha walitazamana juu ya vichwa vya wateja. Kidawa akasogeza mkeka ukutani, kuona nafasi iliyobaki.

"Baba mwenyekiti," alisema Furaha, "hiyo simu niwekee spika, halafu isogeze alipo."

Bwana Hilari aliisogeza, hakuona ubaya. Ufagio wa chelewa ulisikika ukienda, ukirudi.

"Wewe," alisema Furaha. "Weka ufagio chini. Toka nje, ukae kivulini, tunakuja na kitana."

Ufagio ulisimama. Kisha Bwana Hilari akasikika, kwa upole kabisa, akiuliza mbona kona ile haijafagiwa.