Folda ya Mkwe

Zipu ya begi la mama mkwe wangu ina mlio wake. Jumanne hiyo niliisikia saa tano asubuhi, kupitia ukuta, nikajua mama anafunga safari. Na mguu mmoja uko kwenye plasta! Jamani, daktari alishasema wiki tatu asiukanyagie, mfupa ukienda upande watampasua. Lakini kwao Ushirombo mvua zilishaanza, karanga hazijapandwa, na mama Epifania si mtu wa kukaa kitako akisikia wenzake wameshika majembe.

Utaniuliza, sasa si ungeenda tu kumzuia? Siendi. Kwetu Wasukuma, na kwao Wasumbwa vilevile, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Chumba anacholala sikanyagi, awemo au asiwemo. Tukikutana njiani yeye anajitanda khanga usoni, mimi nageukia upande mwingine. Nimemwoa binti yake Juliana miaka kumi na moja, na maneno tuliyowahi kusemezana ni "Shikamoo mama" na "Marahaba", tena mlango ukiwa katikati. Hata kuja kulala kwangu hapa Nyahanga alikubali kwa shingo upande, kwa sababu hospitali ya kumwangalia mguu iko hapa Kahama. Akitaka kwenda uani anagonga gongo sakafuni mara tatu, mimi najifungia studio mpaka arudi. Ndiyo heshima yetu, na asiyeielewa asinichekee.

Kilichokuwa kinamshikilia ni kitu kimoja tu, video. Mwanawe wa mwisho, Raphael, alipewa upadri kule Ushirombo, na mama hakuona. Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa anakimbiza jogoo wa sherehe, akateleza kwenye matope, mguu ukavunjika. Mtoto anawekewa mikono na askofu, mama yuko kwenye gari la wagonjwa. Alilia huyo mama, na Juliana akalia, na mimi nyuma ya kamera nililia pia, sema nani atajua. Maana kazi yangu ndiyo hiyo, kupiga video za harusi, sendoff na misiba. Nilipiga kila kitu, kuanzia maandamano mpaka watu wanagombania pilau. Saa tisa nzima! Nikazikata vipande kumi na vinne, nikaviandika sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho.

Mama alikuwa anaangalia kwenye laptop ya zamani ya Juliana. Laptop yenyewe imejaa mitihani ya darasa la nne ya miaka na miaka, na picha za binti yetu Nelly akiwa mchanga, na Juliana hataki kufuta hata moja. Haina nafasi ya kupokea hata kipande kimoja. Basi kila asubuhi, kabla hajaenda kufundisha Kagongwa, Juliana anachomeka flashi yenye vipande viwili. Mama anavimaliza saa nne. Kuanzia hapo mpaka jioni anatazama ukuta na kuwaza karanga.

Mdogo wangu Edson ni fundi wa mitandao kwenye mgodi mmoja huko Geita. Jumapili nilimpigia simu, akacheka.

"Kaka, unahangaika na flashi mwaka huu? Ruta si unayo? Weka video kwenye folda moja ya kompyuta yako ya studio, laptop ya mama izisome kwa mtandao wa humo humo ndani. Hata bando hailiwi."

"Nifanyeje?"

"Kwanza chagua itifaki. Hizo mashine lazima zikubaliane utaratibu wa kuombana mafaili."

Akanitajia nne: NFS, FTP, DLNA na SMB, ambayo kwenye mashine kama yangu ya Linux inawekwa kwa programu iitwayo Samba. Nikamuuliza wao mgodini wanatumia ipi. Akasema seva zao za Linux zinaongea kwa NFS, nyepesi, haina mbwembwe. Weee, kusikia mgodini, basi sikutaka kusikia zaidi! Nikamkatia simu akiwa bado anaongea.

Nilishinda nayo Jumapili nzima. Upande wa studio ulikuwa safi, folda inang'aa, ila laptop ya Juliana ilikuwa kimya. Jioni ndipo Edson akanimalizia alichokuwa anataka kusema: laptop ile ina Windows ya kawaida ya nyumbani, na hiyo NFS haiijui kabisa. "Ulikata simu, kaka," akasema. Nikanuna.

Jumatatu nikaingia FTP, maana nilisoma kwamba hiyo inakubali karibu kila mahali. Ni kweli ilikubali. Ila jioni Juliana alipoileta laptop studio na kubonyeza sehemu ya tano, laptop ikataka kwanza kulivuta faili zima kulileta kwake, na nafasi haina. Ikaandika kwamba diski imejaa. Juliana akanitazama, nikamwambia, "Futa basi hiyo mitihani!" Akaniuliza kama niko tayari kufuta harusi za watu nilizohifadhi tangu nianze kazi. Tukalala tumepeana migongo.

Ndipo ikaja hiyo Jumanne na zipu yake.

Nikampigia Edson mbio mbio. "Mama anaondoka! Nipe inayofanya kazi, sasa hivi!"

"DLNA basi. Hiyo ni ya kutazamia tu. Mama anaona video, hagusi kitu, hafuti kitu. Salama kabisa."

Nikaiweka, nikaijaribu kwa simu yangu. Jamani! Ilinipangia sehemu ya kumi mbele ya sehemu ya pili. Mama angeona watu wanakula pilau kabla mwanawe hajalala kifudifudi mbele ya altare. Kwa mama wa padri huwezi kufanya hivyo, hata mara moja.

"Imebaki Samba," Edson akasema. "Windows itaifungua folda yako kama folda yake yenyewe, kwa mpangilio wako, na video inacheza bila kunakiliwa. Ila sikiliza, kaka, usikate. Weka ruhusa ya kusoma tu. Ukiacha na ruhusa ya kuandika, mzee wa watu akibonyeza vibaya, misa yote imefutika."

"Sawa, sawa!" Nikasikia begi linaburutwa sakafuni. Nikaandika mistari ile haraka haraka, nikawasha, na sasa ikabaki mama aifungue upande wake. Juliana hayupo, na mimi mlango ule siusogelei.

Nikampigia Juliana shuleni. Bahati nzuri ilikuwa saa ya mapumziko.

"Mpigie mama, mwambie awashe laptop, afungue lile dirisha la mafaili, juu pale aandike anwani."

Juliana akampigia mama kwenye kitochi chake. Nikasikia kitochi kinaita ng'ambo ya ukuta. Agizo lilitoka studio kwangu, likaenda Kagongwa, likarudi chumba cha jirani! Na mama naye akijibu, jibu linakwenda Kagongwa kwanza ndipo linifikie, wakati nimeshalisikia kwa masikio yangu.

"Mwambie aanze na mikwaju miwili, ile mistari inayolalia nyuma."

Mara nikasikia ukutani: "Inayolalia nyuma? Mashine yangu ya parokia haikuwa na kitu hicho."

Juliana akanipigia. "Anasema mashine yake ya parokia..."

"Nimesikia! Mwambie iko karibu na kitufe cha kushukia mstari."

Nilikuwa nimesahau. Mama Epifania alikuwa karani wa ofisi ya parokia Ushirombo miaka ishirini, anapiga taipu macho yakiwa dirishani. Tarakimu za anwani nilipozituma, nilisikia vitufe vinalia ta-ta-ta-ta bila kituo. Halafu, haki ya Mungu, nikasikia kwaya inaingia kanisani na kinanda chake, sehemu ya tano, ukutani kwangu. Nikaruka nikagonga kichwa kwenye taa. Baada ya muda zipu ikalia tena, taratibu, na safari hii nilijua inafunguliwa.

Jumatano aliangalia, Alhamisi akaangalia. Nilikuwa nafanya kazi zangu huku nasikia vigelegele vile vile nilivyovirekodi, na mara nyingine mama naye anavipiga juu yake. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu. Nikajisifu kwa Edson, kwa Juliana, hata kwa muuza vocha wa pale kona, ambaye hakuuliza.

Alhamisi jioni sehemu ya kumi na nne ikaisha. Ijumaa asubuhi kukawa kimya.

Hapo nikaanza kuogopa upya. Saa tisa zimekwisha, wiki mbili za plasta bado. Nitamzuia kwa kitu gani tena? Nikakaa mbele ya kompyuta, sikio liko ukutani, nasubiri zipu. Nilisikia vitufe tu, ta-ta-ta, muda mrefu. Mara nikatupa jicho kwenye folda. Mafaili kumi na tano.

Nimeweka kumi na nne! Ndipo nikakumbuka maneno ya Edson, kusoma tu, nami kwa haraka zangu nikaacha na ruhusa ya kuandika. Nikajua ndiyo yale yale, mama amebonyeza vibaya, na upadri wa mwanawe unaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu. Nikahesabu sehemu moja moja, zote zipo. La kumi na tano lilikuwa faili dogo la maandishi. Jina lake, kwa herufi kubwa: MKWE.

Nililifungua nikiwa nimesimama.

*Kumb. Na. EP/MK/1*

*Ndugu Magesa,*

*YAH: KUTOONEKANA KWAKO KATIKA VIDEO*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Nimetazama sehemu zote kumi na nne. Nimemwona Raphael. Nimemwona askofu, majirani wote, na jogoo aliyenivunja mguu akiwa kwenye sahani. Nakushukuru, Mungu akuzidishie.*

*Hata hivyo, wewe humo. Sehemu ya saba kuna kivuli chako ukutani, basi. Miaka kumi na moja umemtunza binti yangu na sijakutazama usoni. Watu huniambia Nelly amefanana na baba yake. Nawajibu ndiyo, na sijui.*

*Nimezitafakari mila zetu. Zinakataza chumba, zinakataza njia, zinakataza chungu kimoja. Kuhusu folda sijaona katazo.*

*Hivyo naomba sehemu ya kumi na tano, uwemo wewe. Karanga atanipandia jirani yangu Serafina. Safari nimeiahirisha mpaka plasta itoke.*

*Wako mtiifu,*
*Epifania*

Nilikaa chini. Machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa. Nimepiga harusi za watu wote wa mji huu, nimewafuata mabibi harusi mpaka mlangoni, na siku hiyo sikuwa na picha hata moja ya kumpa mama wa mke wangu.

Nikaoga. Nikavaa suti ya harusi yangu, kifungo cha tumboni kikagoma, kikakatika, nikakiacha. Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake, nikakaa kwenye stuli mbele yake, taa nyekundu ikawaka. Nikagundua kwamba kazi ya hawa watu ninaowapiga kila Jumamosi ni ngumu. Mikono sikujua niiweke wapi. Nikasema, "Shikamoo mama." Halafu nikabaki natabasamu tu, meno nje. Nikazima, nikaiandika sehemu ya kumi na tano, nikaitupia kwenye folda, nikasimama karibu na ukuta.

Nilisubiri. Kiti kikalia. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe upande wa pili, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akaijibu laptop. Akacheka, akagonga gongo lake sakafuni kwa furaha. "Ee! Kumbe mwanya wa Nelly ni wako!"

Na mimi, kwa mazoea, niliposikia gongo, nikakimbia kujifungia studio, nikiwa nimo studio. Nilipogeuka, mafaili yalikuwa kumi na saba. Nikalifungua jipya.

*Kumb. Na. EP/MK/2. YAH: KIFUNGO. Kilete kwa Juliana, nitakishona.*