Jiwe la Mama Loisi

Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa, kule Isansa, mama mkwe wangu Loisi alikataa kuhama. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba jiwe lake la kusagia lisipokwenda, naye haendi. Alilikuta kwa mama mkwe wake, na ulezi wa harusi zote za ukoo ulisagwa juu yake.

Mume wangu Asajile na mdogo wake Mbonile walilisukuma mpaka jasho likawatoka. Halikutikisika.

"Tumwache na jiwe lake," alisema Mbonile. "Mvua ikianza atatufuata mwenyewe."

"Nikufuate wewe?" alijibu mama. "Hata mbuzi wako hawakufuati."

Tulicheka, lakini usiku nililia mbele za Mungu. Niliogopa tutamwacha peke yake kwenye boma tupu.

Juma hilohilo, katika darasa la jioni la watu wazima, Mwalimu Mwanamvita alitufundisha msuguano. Alikuwa binti wa Tanga, mpole, mwenye ushungi mweupe. Alimkalisha Enoka, mzee wa kanisa, juu ya sanduku la mbao, akatuambia tulivute kwa kamba. Kulianzisha kulikuwa kazi. Lilipokwisha kuanza, likawa afadhali.

"Kitu kilichotulia kina msuguano mkubwa," alisema. "Kikiteleza, unapungua. Sasa wekeni miti ya mviringo chini yake."

Sanduku likasogea kwa kusukumwa na kidole kimoja.

"Mwalimu, taratibu!" Enoka alipiga kelele. "Utanifikisha Zambia bila kibali!"

Ee Bwana, jinsi tulivyocheka! Nikarudi nyumbani karibu nakimbia, nikawaeleza wanaume habari ya miti.

"Mama Osea, shule imekupanda kichwani," Asajile aliniambia. Hata hivyo asubuhi alikata miti. Wakaliinua jiwe kwa mtaimbo, tukaisukumiza miti chini yake, na jiwe likaondoka. Sisi wanawake tuliokota miti iliyobaki nyuma tukaikimbiza mbele. Mama Loisi alitazama kidogo, akajitwisha kikapu chake, akafuata.

Tulipofika kwenye mteremko wa kijito, wanaume wakaanza kuimba na kukata migomba. Ndiyo desturi yetu tunapovuta gogo zito: unatandaza migomba mibichi, utomvu unalainisha njia. Lakini gogo huwa tunalivuta kupanda kwenda nyumbani. Siku ile walitandaza migomba kwenye mteremko, na Asajile alikuwa amesimama chini akishika kamba.

"Iondoeni!" nilipiga kelele. "Hapa tunautaka msuguano!"

"Jana upungue, leo uongezeke?" Mbonile aliuliza. "Huyo mwalimu wenu ana kauli ngapi?"

Kabla sijamjibu, jiwe liliteleza. Asajile aliruka kando. Jiwe likagota kwenye kisiki na kusimama, nusu yake ikining'inia juu ya korongo.

Mama Loisi alitua kikapu. Nikajua sasa atageuka arudi.

"Jiwe likiwa laini halisagi," aliwaambia wanawe polepole. "Na njia ikiwa laini haishiki. Mkwe wangu Enesi amesema iondoeni. Mnasubiri nini?"

Migomba ikatolewa. Wakalirudisha jiwe njiani kwa mtaimbo, tukamwaga changarawe. Asajile akaizungusha kamba kwenye shina la mti juu ya mteremko, akawa anaiachia kidogo kidogo, na jiwe likashuka likinguruma kama mzee anayeamshwa. Mama alishuka nyuma yake, mkono wake begani kwangu.

Mashine za kusaga zimekuja, naye Bwana amemwita. Lakini bado namwona jioni ile, kwenye kiwanja chetu kipya kisicho na hata nguzo, akiugongagonga uso wa jiwe kwa kijiwe kigumu ili ukwaruze, kisha akitusagia ulezi wa uji. Kesho yake tulianza kujenga. Tulianzia jikoni, tukizungushia kuta pale jiwe lilipokaa, maana hakuna aliyethubutu kusema lisogezwe.